PubMed kwa macho ya mkutubi: nyota nne kati ya tano

Mimi ni mkutubi wa masomo ya afya hapa Mwanza. Kazi yangu kubwa ni kuwatafutia makala wanafunzi wa uzamili, pamoja na madaktari wasio na subira. Kila asubuhi naanza na PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya kutafutia makala za tiba. Ni mali ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, imekuwa bure kwa umma tangu 1997, haidai akaunti, na ina rekodi zaidi ya milioni 35. Kwa kuwa karibu yote ni maandishi, hata simu yenye bando dogo inaifungua.

Lakini ubure si sababu ya nyota zangu. Ninazitoa kwa faharasa. Maktaba hiyo imekuwa ikiorodhesha makala za tiba tangu 1879, John Shaw Billings alipoanzisha Index Medicus, na mwaka 1960 ikatoa MeSH, orodha ya istilahi rasmi ambazo kila makala inayoindeksiwa hubandikwa. Chukua kichocho, maana sisi wa kando ya Ziwa tunakijua. Mwandishi mmoja ataandika schistosomiasis, mwingine bilharziasis. MeSH inawakusanya wote chini ya Schistosomiasis, na chini yake kuna matawi: kichocho cha mkojo kama kile cha Unguja na Pemba, kichocho cha tumbo kama hiki chetu, na kile cha Asia. Ukiita istilahi ya juu, matawi yote yanakuja yenyewe. Mahali nako ni hivyo hivyo: ita Africa, Eastern, utaletewa Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda na majirani wengine bila kuwataja mmoja mmoja.

Yote haya yanafanyika nyuma ya kisanduku kimoja cheupe, na hapo ndipo watumiaji wengi wanapopotea. Andika heart attack, na PubMed kimyakimya itaongeza Myocardial Infarction. Ukitaka kuona ilichokifanya, nenda Advanced, kisha fungua Details kwenye historia ya utafutaji. Mwanafunzi akiniletea malalamiko kwamba “hakuna makala,” mimi nafungua hapo kwanza, kabla hata hajamaliza kueleza. Mara nyingi nakuta amefunga kila kitu kwenye alama za kunukuu, mazoea ya Google. Ndani ya PubMed alama hizo zinazima ule ulinganishaji wa istilahi. Kinyota cha kukatia neno (*), kinacholeta maneno yote yenye mwanzo huo, nacho kinauzima.

Mpangilio wa matokeo unaitwa Best Match, na umefunzwa kwa kuangalia watumiaji waliotangulia walibofya nini. Kwa daktari anayehitaji makala mbili kabla ya kupita wodini, unafaa sana. Anayefanya mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kuchambua tafiti zote za mada moja, asiutegemee. Yeye anasoma orodha nzima.

Nyota moja naiondoa, na sababu yake inatuhusu sisi moja kwa moja. Tangu 2022 kazi ya kubandika istilahi imekabidhiwa programu, na binadamu wanakagua sehemu tu. Kasi imeongezeka, sikatai. Ila mwindeksi wa zamani alikuwa na makala nzima mbele yake, ilhali programu inategemea zaidi kichwa na ikisiri, yaani muhtasari wa makala. Makala ambayo ikisiri yake inasema “jamii ya vijijini” tu, na Ukerewe ikatajwa ndani kwenye mbinu za utafiti, unadhani itapata istilahi ya Tanzania? Zaidi ya hapo, si kila kilichomo PubMed kimo MEDLINE, ile sehemu yake yenye majarida yaliyochaguliwa na kuindeksiwa kwa MeSH; rekodi nyingi zilizoingia kupitia PubMed Central, hazina ya makala kamili za bure, hazina MeSH kabisa.

Kwa hiyo kila utafutaji wangu una mistari miwili iliyounganishwa kwa OR (yaani “au”): mmoja wa MeSH, mwingine wa maneno ya kawaida yenye alama ya tiab, inayotafuta kwenye kichwa na ikisiri. Katika mstari wa pili naandika mwenyewe Pemba, Unguja, Zanzibar, Ukerewe. Mtafiti makini wa huku haruki hatua hii. Halafu naenda AJOL (African Journals Online), tovuti ya majarida ya Afrika, kwa sababu majarida mengi ya Afrika hayamo MEDLINE.

Google Scholar je? Naitumia kwa tasnifu za vyuo vyetu, kwani inapekua hadi ndani ya matini. Lakini haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000, wala haikufungulii mlango wa nyuma uone swali lako limegeuzwa vipi. Mapitio ya kimfumo huwezi kuyajenga juu yake peke yake.

Jambo la mwisho kwa wageni: PubMed inakupa ikisiri, si lazima makala kamili. Chuja kwa Free full text, na zilizobaki jaribu Hinari, mpango wa WHO wa kuzifungulia majarida taasisi za nchi kama yetu. Kama taasisi yenu imejisajili, nenosiri liko kwa mkutubi. Nendeni mkamwulize.