Kununua gemu za kupakua ukiishi ugenini: uzoefu wangu

Nilihama nchi gemu zangu zote zikiwa kwenye akaunti, diski sikuwa nazo tena. Tangu hapo nimenunua kwa Steam, PlayStation, Nintendo na GOG. Watu wakiyapima maduka haya huanza na bei na ofa. Mimi naanza kwingine: ukihama, duka linahama nawe au linabaki ulikotoka?

Gemu ya kupakua haijazi begi, lakini akaunti yako ina nchi. Nchi hiyo ndiyo huamua unaonyeshwa bei ipi na kwa sarafu gani, kadi gani itakubaliwa, vocha gani itaingia, na mara nyingine hata gemu ije na lugha zipi. Asiyewahi kuhama halioni jambo hili kabisa.

Steam, ambayo Valve inaiendesha tangu 2003, inahama vizuri. Gemu za zamani hubaki maktabani kwako na unaendelea kuzicheza. Ili duka likuhesabu kuwa mkazi wa nchi mpya, lazima ulipe kwa njia ya malipo ya nchi hiyo, na hapo ndipo mgeni anapokwama wiki za mwanzo, kwa sababu akaunti ya benki haifunguliwi siku ya kushuka kwenye ndege. Ukishabadili nchi, huwezi kubadili tena mpaka miezi 3 ipite, kwa hiyo anayekwenda likizo fupi asijisumbue. Kutumia VPN, programu inayoficha mahali ulipo, kujifanya uko nchi yenye bei nafuu kumekatazwa kwenye masharti yao. Mimi naliheshimu katazo hilo: maktaba niliyoijenga kwa miaka siiweki rehani kwa ajili ya punguzo.

Ninachokipenda zaidi kwa Steam ni kurudishiwa pesa: ombi liwe ndani ya siku 14 tangu kununua, na uwe umecheza chini ya saa 2. Ugenini huduma hii ina thamani ya pekee. Niliitumia kwa gemu moja ambayo toleo lililouzwa nchi niliyopo halikuwa na lugha ninayoisoma, na pesa zilirudi. Kuwapelekea gemu ndugu walioko nchi nyingine ni shughuli ngumu zaidi, maana pengo la bei kati ya nchi mbili likiwa kubwa, zawadi huzuiwa.

Tahadhari pia na namba za kufungulia gemu zinazouzwa na maduka ya pembeni. Namba inaweza kufungwa isifanye kazi nje ya nchi fulani, na hili si tetesi: mwaka 2021 Tume ya Ulaya iliwatoza faini Valve na wachapishaji watano, jumla ya euro milioni 7.8, kwa kuzuia namba zilizonunuliwa katika baadhi ya nchi za Umoja wa Ulaya zisitumike katika nyingine. Hiyo ni Ulaya, ambako kuna sheria ya kumlinda mnunuzi. Kwingineko, soma maandishi madogo kabla ya kulipa.

PlayStation ndiyo iliyonifikirisha kuliko zote. Nchi unayoichagua siku ya kufungua akaunti haibadilishwi. Ukitaka kununua kama mkazi wa nchi mpya, unafungua akaunti nyingine. Namna ya kuishi na hali hiyo kwenye PS5 ni kuweka akaunti zote mbili kwenye mashine moja, kisha kuwasha kwenye akaunti ya zamani ile ruhusa ya kushiriki konsoli na kucheza bila mtandao. Akaunti mpya itazicheza gemu za ile ya zamani. Lakini nyongeza za gemu lazima zitoke kanda ileile ya gemu yenyewe, na tuzo ulizozikusanya hazihamii akaunti mpya. Vocha nazo huingia kwenye akaunti ya nchi yake tu. Mimi nimeamua kubaki na akaunti ya zamani: ndugu ananunua vocha huko, ananitumia namba kwa ujumbe, naendelea. Inafanya kazi, ila inahitaji ndugu mwenye subira.

Uzito wa nchi ya akaunti ulidhihirika kwa wengi mwezi Mei 2024, Sony, wenye PlayStation, ilipotaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. Huduma hiyo haikuwepo rasmi katika nchi nyingi, na gemu ikaondolewa Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170. Wachezaji walipiga kelele na sharti likafutwa mwezi huohuo. Kelele zile zilikuwa za haki.

Nintendo imebadilika sana. 3DS, mashine yake ya zamani ya mkononi, ilifungwa kwa kanda: mashine ya kanda moja ilikataa gemu za nyingine. Switch, iliyotoka 2017, haina kufuli hilo, na nchi ya akaunti unaibadilisha mwenyewe kwenye mipangilio, mradi salio lisiwepo. Kwa mhamaji huo ni wepesi mkubwa.

GOG ndiyo naipa alama za juu. Gemu zake hazina kufuli la kidijitali. Unapakua faili la kusakinisha, unaliweka kwenye diski yako ya nje, na baada ya hapo gemu haiulizi uko nchi gani wala kama intaneti ipo. Pesa hurudishwa ndani ya siku 30 hata kama umeshaicheza. Kasoro yake ni uhaba wa gemu kubwa mpya. Nyingine huchelewa miaka, nyingine haziji kabisa. Ila gemu ya mchezaji mmoja ikiwepo pale na kwingine, nainunua pale.

Kwa anayejiandaa kuhama, tumia salio lote kabla ya kuondoka, maana salio la nchi moja mara nyingi halivuki. Badilisha pia uthibitisho wa akaunti kutoka ujumbe wa simu kwenda programu ya namba za siri, kwa sababu laini ya zamani ikizimwa, namba za kuingilia zitaenda kwenye simu usiyonayo. Na kadi mpya ikikataliwa, angalia kwanza kama anwani uliyoandika dukani inalingana na ile iliyoko benki. Kwangu tatizo lilikuwa hapo, na benki ilirekebisha kwa simu moja.