Boksi la modeli ndogo: tumelilaza kwenye friza, Tanga

Haya wadau, karibuni. Niko hapa Chumbageni, jasho linanitiririka, na mada ya leo ni baridi. Msicheke! Kuna mdau kahamishiwa kazi Lushoto, mwingine yuko Ujerumani na modeli zake, yaani vijisanamu na vyombo vidogo vya kuunda, zinakaa banda la nje. Wote wanauliza: zitapona?

Boksi lenyewe ni hili. Plastiki inayoonyesha ndani, vibanio vinne, sponji yenye vitundu, na mfuniko una raba kuzunguka. Sogea uone. Naweka kipande cha karatasi hapa, nafunga, navuta... haitoki. Raba imebana. Haya, njoo kwenye kona. Navuta... umeona? Imeteleza yenyewe. Kwa hiyo muuzaji akikuapia halipitishi hewa kabisa, msikilize kwa sikio moja.

Baridi ya Lushoto, Juni mpaka Agosti, wewe utatafuta sweta, modeli hazina habari nayo. Ujerumani ndiyo kazi. Chini ya nyuzi 0 plastiki inakakamaa, na vitu vyembamba kama mikuki na milingoti vinakatika ukivigusa vibaya. Supaglu nayo inakuwa rahisi kuvunjika. Ukiwa umebandika chuma kwenye plastiki kwa gundi ndiyo zaidi, maana havisinyai sawasawa. Modeli ikianguka, mkono unabaki sakafuni. Wenye modeli za bati (tin, siyo mabati ya paa) mmesikia kwamba bati likipata baridi hugeuka unga. Ni kweli kwa bati tupu, chini ya nyuzi 13, tena polepole. Modeli huwa zimechanganywa na madini mengine kama antimoni, laleni salama.

Kasheshe iko kwenye kurudi joto. Nililaza majahazi mawili kwenye friza, moja ndani ya boksi, jingine wazi. Asubuhi nikayatoa. Lile la wazi, papo hapo ukungu, kisha matone yanateremka kwenye tanga mpaka chini kwenye chombo, na rangi ya maji niliyoipaka bila vanishi ikaanza kuchuja. Boksi lililowa nje tu. Sikulifungua mpaka liliposhika joto la chumba, na ndani palikuwa pakavu. Ukilifungua lingali baridi, hewa ya pwani inaingia yote na pesa yako imekwenda. Mtu wa Lushoto, ukishuka Mombo ukaja Tanga, liache limefungwa kwa saa kadhaa.

Humo ndani wameweka vipakiti vya silika, vile vya kwenye maboksi ya viatu. Ni vichache mno kwa Tanga. Tunasema waja leo waondoka leo, lakini unyevu umejenga kabisa. Tafuta silika ya bluu; ikigeuka waridi imeshiba, ikaushe kwenye oveni ya moto mdogo, inarudi kazini.

Rangi msiziweke banda la nje, hata ndani ya boksi. Rangi ya akriliki ina maji. Ikiganda inakatika kama maziwa, na kuikoroga hakusaidii.

Nimelinunua shilingi 22,000. Kwa Tanga na Lushoto, chukua. Ndugu yetu wa Ujerumani, angalia hivi vibanio: bawaba yake nyembamba kama ukucha. Kwenye baridi ya huko vitakatika kabla ya modeli, kwa hiyo liweke ndani ya nyumba, au zungushia mkanda wa mpira.