TAHADHARI: Kamba na karabina bandia za kupandia milima hapa Lubumbashi

Jambo yenu wote. Hasa ninyi mnaoongoza vijana wa parokia, maskauti, na walimu mnaopanga kwenda Kundelungu kiangazi hiki: msitume pesa yoyote kabla ya kusoma haya.

Kuna muuzaji anayetangaza vifaa vya safari za milimani kwenye vikundi vya WhatsApp vya hapa mjini. Hana duka. Mnakutana naye upande wa soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, anafika na pikipiki, anafungua mfuko mara moja, anapokea pesa, anaondoka. Nilinunua kwake mabegi 6 ya mgongoni, mahema 3, kamba ya mita 40 na karabina 10, yaani zile pete za chuma zinazofunguka za kuunganishia kamba. Nusu nilituma kwa M-Pesa, nusu nikampa mkononi. Jumla dola 310, pesa ambazo wazazi walichanga kidogo kidogo tangu Pasaka. Nilipomuuliza kuhusu kamba alinijibu: "Papa, hii njo ya Bulaya yenyewe, ata motokari inakokota."

Mabegi mawili yalichomoka mikanda siku ya kwanza tulipoyajaza. Hema moja tulilimwagia ndoo ya maji likavuja kwenye kila mshono, maana ndani mishono haikuzibwa kwa utepe. Hiyo ni hasara, inauma, lakini kiangazi hakuna mvua na begi linashonwa. Kilichoninyima usingizi ni kamba.

Maporomoko ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300 kutoka kwenye uwanda wa juu wa Kundelungu. Pale kwenye kingo za korongo tulikusudia kuwafunga vijana kamba kiunoni. Wengine wana miaka 13. Kabla ya safari niliitundika kamba hiyo kwenye mwembe uani, nikafunga mifuko ya mchanga kwa karabina moja, tukaiacha ishuke kwa kishindo. Karabina ilinyooka kama waya. Kijana mmoja aliyekuwa ameshika ncha ya pili aliangalia, hakusema kitu. Mimi pia sikusema.

Usiku ule nilikata ncha ya kamba. Nje ina ala nzuri yenye rangi nyekundu na bluu, kama zile tunazoona kwenye picha. Ndani ni nyuzi za plastiki, zilezile za kamba za kufungia mizigo kwenye malori ya mpakani Kasumbalesa. Nilitupa kipande ndani ya beseni la maji, kikaelea. Hapo ndipo pa kumkamatia mtu huyu: kamba ya kupandia hutengenezwa kwa nailoni, na nailoni huzama. Ikielea, iache. Kamba ya kweli ya kumshika mtu anayeanguka inanyumbuka ili kupunguza kishindo, na kwenye ncha zake huwa kuna alama EN 892, kiwango cha Ulaya cha kamba za namna hiyo.

Karabina nazo zichunguzeni. Ya kweli imechongwa nambari kwenye chuma chenyewe, pamoja na herufi kN (kilonyutoni, kipimo cha nguvu inayoweza kustahimili). kN 20 ni kama uzito wa tani 2. Alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, juu yake hufuatwa na tarakimu nne za shirika lililoikagua. Zangu zilikuwa na CE peke yake, imepakwa rangi, nikaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Hizo ni za kutundikia funguo, wala si kosa kuziuza kwa kazi hiyo. Kosa ni kumwambia mzazi kwamba zitamshika mtoto wake.

Nilimpigia mara nyingi. Mara ya kwanza alisema atabadilisha, kisha akanitoa kwenye kikundi, sasa simu haipiti. Nimeambiwa na mama mmoja wa mtaa wa Katuba kwamba naye aliuziwa mahema kwa njia hiyohiyo, kwa jina lingine na nambari nyingine ya simu. Kwa hiyo msitafute jina. Angalieni bidhaa, na mkiambiwa mtume nusu kabla ya kuona, kataeni.

Wazazi nimewaeleza yote Jumapili baada ya misa. Safari ipo, ila tutabaki mbali na kingo, maporomoko tutayatazama kwa mbali. Kamba yenyewe nimeikatakata vipande vya mita moja moja, isije ikauziwa mtu mwingine.