Vyufainda ya kioo au ya elektroniki? Nimebadili mawazo katikati ya video

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena. Leo megapikseli siongelei, sensa, kile kinachonasa picha ndani ya kamera, siongelei, hizo mshazisikia hadi zimewachosha. Naongelea hiki kidirisha hapa juu, vyufainda, unachochungulia kwa jicho moja kabla ya kubonyeza shata, maana komenti zimejaa swali moja tu: nikichukua kamera ndogo, iwe ya kioo, unayoona moja kwa moja kama dirishani, au ya elektroniki, yenye kiskrini kidogo ndani?

Mimi nilikuja na jibu langu mfukoni, kioo, basi. Kwenye kioo unaona kitu chenyewe, hakuna kuchelewa, hakuna chengachenga gizani, halafu utamu wake, unaona mpaka kilicho nje ya fremu! Mtoto anakuja mbio, bado hajaingia kwenye picha, wewe ushamwona, unamsubiri, paa! Kwa picha za watu wanaotembea hiyo raha nyie acheni tu.

Sasa tazameni hapa. Naweka chupa ya maji, mbali kama nusu mita hivi. Nachungulia kwenye kioo, chupa ipo katikati, imeenea vizuri kuanzia chini mpaka kizibo. Napiga. Haya oneni picha... kizibo hakipo! Na chupa yenyewe imesogea kushoto. Narudia, nimetulia kabisa, mkono hautikisiki, napiga... kizibo hakipo tena. Sio mkono wangu. Nyoosheni kidole mbele ya pua, fumbeni jicho moja, badilisheni lingine, si mmeona kidole kimeruka? Ndo hicho hicho. Kidirisha kipo juu na pembeni ya lenzi, kwa hiyo kinaona kutoka sehemu yake na lenzi inaona kutoka sehemu yake. Ukipiga mlima au jengo la mbali hutagundua kitu, ila ukipiga sahani ya chakula au uso wa mtu kwa karibu, imekula kwako.

Naenda kwenye elektroniki, chupa ile ile, napiga... kizibo hiki hapa! Kwa sababu unachoona ni kile kile kinachoonwa na sensa. Hata mwanga, nikizungusha hapa kupunguza mwanga, picha inakuwa nyeusi humo humo kidirishani kabla sijapiga, kwenye kioo ungeshtukia baadaye. Kwa kweli hapa nimeanza kulegea.

Na zile kompakti, yaani kamera ndogo, za zamani kama Canon PowerShot G12, kioo chake kilifuata zumu vizuri lakini hakikuonyesha picha yote, kuna kitu pembeni kitaingia na hukukiona. Sony wao kwenye RX100 III ya 2014 wakaweka ya elektroniki inayochomoza juu, ukimaliza unairudisha ndani, akili kubwa ile. Nyie wa Ricoh GR III, yenu haina vyufainda kabisa, mnapiga kwa skrini na jua kali mnalijua wenyewe.

Ninayoipenda ni hii Fujifilm X100VI, zimo zote mbili, unasukuma kiwashio hiki cha mbele, tak, kioo, tak, elektroniki. Bei yake imechangamka na mimi inaniuma, sitaficha. Betri nayo angalieni, Fujifilm wenyewe wanasema picha kama 450 kwa kioo, 310 kwa elektroniki.



Kwa hiyo kama bajeti yako inatosha moja tu, na unapiga watu wa karibu, vyakula, bidhaa za kuuza, chukua elektroniki, nimesema mimi mpenda kioo. Ukiwa mtu wa kuzunguka mitaani, kioo bado nakitetea. Na wenye miwani, msikimbilie kusema kidirisha kina ukungu, zungusheni kwanza hiki kigurudumu kidogo cha pembeni, taratibu, mpaka maandishi ya ndani yasomeke. Hivi, mnaona?