Amri za kutafutia za Google: uzoefu wangu kutoka Lubumbashi

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kuandaa maelezo ya kisheria kwa ajili ya shirika dogo linalofuatilia haki za vijiji vilivyo karibu na migodi, na karibu kila hati ninayoihitaji imeandikwa kwa Kifaransa na kuwekwa kwenye tovuti ambayo kisanduku chake cha kutafutia hurudisha mamia ya kurasa zisizohusika, au hakirudishi chochote. Kwa sababu hiyo nimezoea kuingia katika tovuti hizo kupitia Google, nikitumia amri zake za kutafutia.

Amri ninayoiweka mbele ya zote ni site:, ambayo hubana utafutaji ndani ya tovuti moja. Nilipotaka kuthibitisha jinsi mrabaha wa madini unavyogawanywa, niliandika site:leganet.cd "redevance minière" 2018 (leganet.cd ni tovuti ya sheria za Kongo, na maneno ya Kifaransa ndiyo mrabaha wa madini), nikaanzia hapo kuifikia sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Sheria ya Migodi ya 2002. Kifungu cha 242 kinaipa serikali kuu asilimia 50, jimbo 25, mji, komini, sekta au uchifu wenye mgodi 15, na mfuko wa madini wa vizazi vijavyo 10. Alama za kunukuu ndizo zilizonisaidia, kwa kuwa bila hizo maneno hayo mawili hutafutwa kila moja peke yake. Ukumbuke pia kwamba baada ya nukta mbili hapaachwi nafasi. Ukiiacha, amri hugeuka kuwa neno la kawaida.

Ninapotaka ripoti kamili, naongeza filetype:pdf, inayoleta faili za PDF pekee, na nisipojua ni ofisi gani iliyoitoa, naandika site:cd ili nipate tovuti zote zenye kikoa cha Kongo. Alama ya kutoa huondoa neno lisilotakiwa: sina ugomvi wowote na Mazembe, klabu ya soka ya hapa, lakini ninapotafuta habari za ardhi ya Lubumbashi naandika -Mazembe, na kandanda inanipisha.

Iliyonifaa zaidi ya nilivyotarajia ni OR, yaani "au", inayoandikwa kwa herufi kubwa. Mtu anayechunguza historia ya eneo letu anakabiliana na majina yaliyobadilishwa mara kwa mara: Lubumbashi iliitwa Élisabethville hadi 1966, Likasi iliitwa Jadotville, jimbo lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, kisha mwaka 2015 Katanga ikagawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Anayetafuta kwa jina la leo peke yake anafungiwa nje ya miongo mizima ya kumbukumbu, hasa zile zilizohifadhiwa Ubelgiji. Naandika (Likasi OR Jadotville) cadastre, neno la Kifaransa la daftari la ardhi, na hati za nyakati zote mbili zinaweza kutokea katika orodha moja. Sijaona maelekezo mengi yanayotilia mkazo jambo hili, labda kwa sababu huandikwa na watu ambao miji yao haijawahi kubadilishwa jina.

Amri za tarehe, before: (kabla ya) na after: (baada ya), nazitumia kwa tahadhari. Google hukadiria tarehe ya ukurasa, kwa hiyo sheria ya zamani iliyopandishwa upya mwaka huu inaweza kuonekana kama mpya, na kwa kazi ya kisheria kosa la namna hiyo lina gharama. Tarehe naisoma ndani ya hati yenyewe.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye hati zilizopigwa picha. Muhuri uliofifia au maandishi ya taipureta yaliyopauka yanaweza yasisomwe kabisa na mtambo, na hapo hata alama za kunukuu zilizowekwa kwa usahihi hazitaifikia hati. Vilevile, Google haijaorodhesha kila ukurasa uliopo. Kwa hiyo orodha tupu haituruhusu kuandika katika ripoti kwamba hati haipo. Ikitokea hivyo, narudia utafutaji uleule katika Bing na DuckDuckGo, ambazo nazo zinakubali site: na filetype:, na zikinyamaza pia, ndipo ninapoandika barua ya kuomba nakala ofisini.