Nyandungu, Kigali: Bustani Iliyorudishiwa Kinamasi Chake

Bustani ya Nyandungu iko upande wa mashariki wa Jiji la Kigali, katika bonde linalopakana na wilaya za Gasabo na Kicukiro, na mtu anayetoka uwanja wa ndege huifikia kwa muda mfupi tu. Ina ukubwa wa hekta zipatazo 121 ambazo zilikuwa zimechakazwa na kilimo na malisho, hadi kazi ya kuzirejesha katika hali yake ya asili ilipoanza mwaka 2016. Wageni walianza kupokelewa mwaka 2022.

Njia za miguu na za baiskeli, zenye jumla ya kilomita 10 hivi, ni safi, na kitalu cha mimea ya dawa kinafaa kupitiwa. La kuzungumzia hasa ni maji. Mvua inyeshapo, maji yanayoteremka kutoka vilimani yakiwa yamebeba udongo na taka za barabarani huingia kwanza katika mabwawa, yakapungua kasi na kutua, kisha yakapenya taratibu katikati ya mafunjo na matete, ambayo mizizi yake hunasa tope na kufyonza sehemu ya uchafu. Nilisimama kando ya bwawa moja nikajionea: yanakoingia, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo ya mafunjo niliweza kuona mashina hadi chini. Juu ya bua lililopinda, mnana dume alikuwa akisuka kiota, akichana jani kwa mdomo na kuupitisha ukanda wake tundu kwa tundu, bila kuwajali watoto waliosimama hatua chache wakimtazama.

Anayetafuta nyasi zilizofyekwa na maua yaliyopangwa mistari hatayapata hapa, nami nashukuru kwa hilo. Ilipandwa miti 17,000 ya aina 55 za asili, lakini mingi bado ni michanga na kivuli chake ni haba, kwa hiyo ni vema kufika asubuhi na mapema, wakati ambao ndege nao huonekana kwa wingi. Kiingilio hutofautiana kati ya wenyeji na wageni. Kwa nilichokiona, sikuona uchungu kulipa.

Kigali imekwisha kuendeleza kazi hii katika vinamasi vingine, kikiwemo cha Gikondo. Mimi naishi Dar es Salaam, ambako mto Msimbazi ukifurika wakati wa masika barabara ya Jangwani hufungwa na watu wa mabondeni hupoteza mali na hata maisha. Upo mpango wa kuliendeleza bonde hilo, pamoja na bustani ya jiji ndani yake. Wanaoushughulikia ningewaomba waje Nyandungu siku ya mvua kubwa, wasimame pale maji yanapoingia, kisha wazunguke hadi ng'ambo ya mafunjo.