Leptopu gani umnunulie mzee anayeanza intaneti: nnavyozipanga mie

Kila baada ya muda kuna mtu ananiuliza, bi mkubwa wangu anataka kuingia intaneti, nimchukulie nini? Na wengi wanaanzia kwenye RAM, ile memori ya kufanyia kazi. Jamani, RAM baadae. Anza hivi: siku kikitokea kitu kwenye kioo asichokijua, nani atakuwa karibu yake? Mie nipo mjini Unguja, mama yangu yupo Wete, Pemba, kumfikia ni boti mpaka Mkoani halafu gari, kwa hivyo mashine yake lazima iwe ile ambayo hata akibonyeza pasipo hakuna kinachoharibika.

Mama ana miaka 71, anachotaka ni kuwaona wajukuu walioko Muscat na kusikiliza darsa, simu ishamshinda kwa macho. Mara ya kwanza nilimchukulia leptopu used, bei rahisi, nikaona nimepata. Kumbe Windows yake ilikuwa ya kukreki, haipokei apdeti, na akaunti ni moja tu tena ya adimini, yenye ruhusa ya kubadilisha kila kitu. Wiki ya pili ukamtokea ukurasa mwekundu umejaa kioo chote, unapiga king'ora, kompyuta yako ina virusi, piga namba hii sasa hivi. Hakupiga. Aliifunika leptopu kwa kanga akenda kuswali laasiri, magharibi akanipigia sauti iko chini, "Mwanangu, nimekuharibia kitu chako." Kauli ile inaniuma mpaka leo, maana hakuharibu yeye, ni mie niliyempelekea nyumba haina mlango.

Sasa nnazipanga hivi.

Ya kwanza, Chromebook, leptopu inayotumia mfumo wa Google uitwao ChromeOS badala ya Windows. Programu za Windows haziwaki humo, kwa hivyo hata akidaunilodi faili la ajabu kwa bahati mbaya linakaa tu halifanyi kitu. Inajiapdeti yenyewe, na kila ikiwashwa inajikagua kama mfumo wake umechezewa. Kioo chukua inchi 14, usimpe mzee ile ya inchi 11 kwa kuwa ni rahisi. Lakini kuna mtego, na watu wengi wanaingia: kila modeli ina tarehe yake ya mwisho wa apdeti. Zilizotoka 2021 na kuendelea Google inazipa miaka 10, za nyuma nyingi zishakwisha na ndizo unazozikuta zinauzwa kwa bei ya kutupa. Kabla hujatoa pesa fungua setingi, ingia sehemu ya kuhusu ChromeOS, tarehe imeandikwa humo. Na ujue bila bando haina kazi kubwa, ila kwa mtu anayetaka intaneti tu hilo halimdhuru. Ya mama niliagizia kwa jamaa aliyekuwa anarudi kutoka Dubai.

Ya pili ni leptopu used za maofisini, ThinkPad, Latitude, EliteBook. Ngumu, kibodi nzuri, spea zinapatikana. Hapa ndipo uwe na macho, Microsoft ilisimamisha apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo taka inayokubali Windows 11, na usitazame jina la leptopu peke yake, tazama prosesa, yaani ubongo wa mashine. Kwa Intel i5 ianzie kizazi cha 8, ndiyo tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-8250U sawa, i5-7300U iache hapo hapo, na ThinkPad T480 zipo za aina zote mbili, nje zinafanana kama pacha. RAM GB 8, diski iwe SSD, ile ya kasi, na mwambie muuzaji aiwashe mbele yako uone Windows yenyewe ni halali. Ukifika nyumbani ifute uanze upya.

Ya tatu, kama leptopu ya zamani unayo tayari, iweke Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows. Toleo la 22 lina apdeti mpaka 2029 na ni bure. Naiweka ya tatu kwa sababu moja tu, kama hapo nyumbani hakuna kijana anayeijua, siku ikigoma mzee atabaki anaitazama.

Tableti ni ya nne. iPad ambayo bado inapokea apdeti ni nzuri kwa anayepiga video na kutazama tu, ila akitaka kuandika barua atachoka. Zile za Android zisizo na jina usimpelekee mzazi wako, apdeti hazizioni. Ya mwisho ni ya mezani, kwani umeme wetu mnaujua, Pemba tunavuta kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010 na ukikatika bila UPS, ile betri ya kushikilia umeme, mashine inazimika katikati ya kazi. Kama macho yake yanataka kioo kikubwa, chomeka monita kwenye leptopu, utapata yote mawili.

Ukishanunua usimpe bado. Kwenye Windows tengeneza akaunti mbili, ya adimini ubaki nayo weye, ya kawaida yake yeye. Kuza maandishi mpaka asome bila kuinama, na mshale wa maus ukuze pia. Chrome ina Kiswahili, ibadilishe. Weka uBlock Origin Lite ya kuzuia matangazo, halafu uzime notifikesheni za tovuti zote, wallahi hili watu wanalisahau na ndilo linalowatesa wazee, anabonyeza kukubali mara moja tu kisha matangazo ya virusi vya uongo yanamtokea mchana na usiku. Mambo ya benki usiyaweke humo kabisa. WhatsApp yake iweke pini ya hatua mbili, na muelewane kuwa atakayemuomba pesa kwa maandishi, hata kama ni picha yangu, ampigie kwanza asikie sauti. Ujumbe wa "ile pesa tuma namba hii" aupeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Mie namsaidia kwa Chrome Remote Desktop, ya kuingia kwenye mashine yake nikiwa mbali, kwenye Chromebook yeye ananisomea namba za kuingilia kwa simu naingia, tukimaliza inajifunga. AnyDesk, nayo ya kuingilia kutoka mbali, usimwachie, matapeli ndiyo wanayoipenda.

Mama kuandika kwa herufi za Kiarabu ni rahisi kwake kuliko hizi zetu, kwa hivyo nilimsomea naye akaandika mwenyewe kwa mkono wake, Kiswahili kwa herufi za msahafu, kikaratasi kipo kimebandikwa chini ya kioo: "Ukiona kinachotisha, usipige namba. Shika kitufe cha kuzimia, hesabu mpaka kumi. Kisha mpigie mwanao."